Kutuliza mtetemo wa mashine kwa kidhibiti kinachojirekebisha: hatua kwa hatua

Chukua feni kubwa iliyofungwa kwenye fremu ya chuma, inayozungushwa na mota yenye inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) kati ya mizunguko 900 na 1800 kwa dakika. Chini ya 1200 imetulia. Ikikaribia 1320 fremu nzima inatikisika, nati zinalegea, na beringi zinakufa kabla ya wakati wake. Ukiipandisha zaidi, inatulia tena kiasi. Fremu hiyo ina masafa yake ya asili, yaani yale inayotikisika nayo kwa urahisi kuliko mengine, ya 22 Hz (mara 22 kwa sekunde), na mizunguko 1320 kwa dakika ndiyo hiyo hiyo 22 kwa sekunde.

Mwongozo huu ni wa mashine za aina hiyo: mtetemo una masafa yanayojulikana, lakini yanapanda na kushuka kulingana na kasi, kwa hiyo dawa iliyopimwa kwa kasi moja haifai kwa nyingine. Tutajenga kidhibiti chenye kihisi, aktueta (kifaa cha umeme kinachosukuma) na maikrokontrola (kompyuta ndogo), ambacho kinatafuta chenyewe nguvu ya kusukuma kinyume na mtetemo. Programu yake haina mambo mengi, mistari michache tu. Kazi kubwa ni kujua ishara inachelewa kiasi gani kutoka kwenye aktueta hadi kwenye kihisi, yaani fezi ya njia hiyo. Ukiikosa, kidhibiti kitaitikisa mashine kuliko ilivyokuwa.

Hatua ya 1: Tafuta chanzo kwanza

Mashine nyingi zinazodaiwa kuhitaji udhibiti wa kisasa zinahitaji spana. Kaza boliti za msingi, angalia nyufa kwenye fremu, kisha funga kihisi cha mchapuko karibu na beringi na utazame spektra ya mtetemo, yaani mchoro wa ukubwa wake kwa kila masafa.

Gawanya mizunguko ya dakika kwa 60 upate masafa ya mzunguko. Kilele kirefu hapo hapo kwa kawaida kinatokana na feni kukosa balansi. Kilele kikubwa kwenye maradufu ya masafa hayo kinakutuma ukaangalie kapilingi, maana huenda shafti mbili hazijanyooka. Vilele vingi vilivyopangana mfululizo ni dalili ya kitu kilicholegea. Masafa ya mzunguko mara idadi ya mapanga ni kazi ya hewa, na maradufu ya masafa ya umeme unaolisha mota yanatoka ndani ya mota yenyewe.

Halafu zima umeme huku feni ikiwa kwenye kasi ya juu, uiache ipungue yenyewe. Mtetemo ukikatika papo hapo, chanzo ni umeme. Ukipungua polepole, ukafura katika kasi fulani, kisha ukapungua tena, umeiona rezonansi, yaani mtetemo kufura kasi inapofika kwenye masafa ya asili, kwa macho yako.

Balansi feni kabla ya kuendelea. Nguvu ya kukosa balansi inakua kwa mraba wa kasi: gramu 10 zilizozidi upande mmoja, milimita 200 kutoka katikati ya shafti, zinatoa nyutoni 18 hivi kwenye mizunguko 900 na karibu nyutoni 71 kwenye 1800. Gramu hizo ukiziondoa kwa kubalansi, hakuna aktueta itakayohitajika kupambana nazo.

Hatua ya 2: Jaribu springi

Kama tatizo ni mtetemo kupita kwenda sakafuni tu, springi za kawaida zinaweza kumaliza kazi. Pima springi zinabonyea milimita ngapi kwa uzito wa mashine, gawanya 15.8 kwa kipeuo cha pili cha namba hiyo, na jibu ni masafa ya asili kwa Hz. Zikibonyea milimita 5 unapata kama 7 Hz. Kwa mtetemo wa 25 Hz, nguvu inayopita sakafuni inabaki chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa 15 Hz inapita zaidi ya robo. Springi huanza kusaidia pale tu masafa ya mtetemo yanapozidi mara 1.41 ya masafa yao ya asili. Chini ya hapo huongeza tatizo.

Ukiona springi zinatosha, simama hapo. Si lazima kila mashine iwe na kompyuta.

Hatua ya 3: Chagua namna ya kujirekebisha

Mwaka 1909 mhandisi Mjerumani Hermann Frahm aliomba hataza ya kifaa ambacho bado kinatumika: masi ndogo juu ya springi, iliyopimwa itetemeke kwa masafa yale yale yanayosumbua. Inafungwa kwenye mashine, inatikisika yenyewe, mashine inatulia. Ila ina gharama yake. Tuseme masi hiyo ni asilimia 5 ya masi ya mashine. Kilele cha 22 Hz kinatoweka, na mahali pake vinazaliwa vilele viwili vipya, karibu na 19.7 na 24.6 Hz. Mashine ya kasi moja haijali. Feni yetu, inayozunguka popote kati ya 15 na 30 Hz, itavikuta vyote viwili njiani.

Ndiyo maana tunataka kitu kinachobadilika. Njia ya kwanza ni kifyonza hicho hicho chenye springi inayobadilika ukakamavu, kwa mfano bapa la chuma ambalo mota ndogo inalirefusha au kulifupisha. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji hesabu nyingi: kikiwa kimelenga sawasawa, masi yake inachelewa nyuzi 90 nyuma ya mashine. Zidisha ishara ya kihisi kilicho kwenye mashine kwa ile ya kihisi kilicho kwenye masi, chukua wastani. Jibu likiwa sifuri umelenga, likiwa chanya au hasi unajua uisogeze mota upande gani.

Njia ya pili ni shokomzoba inayobadilika ugumu, kama zile zenye mafuta yanayokuwa mazito yakipitiwa na sumaku. Kanuni inayotumika sana iliandikwa na mhandisi Karnopp na wenzake mwaka 1974: ukizidisha kasi ya sehemu ya juu, ile inayobebwa, kwa kasi yake ikilinganishwa na sehemu ya chini, jibu likiwa chanya kaza shokomzoba, likiwa hasi ilegeze. Inafaa magari na viti vya madereva, kwa sababu mtetemo wao hauna masafa maalumu. Tena shokomzoba haiwezi kuingiza nishati kwenye mashine, hivyo hata ikikosea madhara yake yana mpaka.

Njia ya tatu ni aktueta inayosukuma kwa nguvu yake yenyewe. Hiyo ndiyo tutakayoijenga hatua zinazofuata, kwa kuwa inashughulikia masafa yote ya feni bila kugusa springi.

Hatua ya 4: Pima ukubwa wa aktueta

Aktueta inayofaa ni ya koili na sumaku, inayosukuma masi yake mbele na nyuma; inafanya kazi kama spika iliyofungiwa uzito badala ya karatasi. Hesabu yake ni rahisi. Gramu 10 kwa milimita 200 ni sawa na kilo 1 kwa milimita 2. Kwa hiyo, ukiifunga karibu na beringi, aktueta yenye masi ya kilo 1 inayoweza kwenda milimita 2 kila upande inaweza kukabili kasoro hiyo ya balansi katika kasi yoyote, kwa kuwa nguvu zote mbili zinakua kwa mraba wa kasi ile ile. Nunua yenye nafasi maradufu ya hapo. Aktueta inayogonga mwisho wa njia yake hutoa mtetemo mpya wa masafa ya juu, na kidhibiti chako hakitaujua.

Jambo la pili: masafa ya asili ya aktueta yenyewe yawe chini kabisa ya eneo la kazi. Kwetu, yasizidi 10 Hz. Kupita masafa hayo fezi yake inageuka nyuzi 180, na hutaki mgeuko huo utokee katikati ya kazi.

Hatua ya 5: Funga vihisi

Unahitaji viwili. Cha kwanza kinatoa pigo moja kila shafti inapomaliza mzunguko. Hiki kinaiambia programu kasi na pembe ya shafti. Cha pili ni cha mchapuko, kinachopima mtetemo uliobaki. Kifunge kwa skrubu au kwa nta ngumu juu ya chuma kilichosuguliwa rangi ikatoka, karibu na aktueta na kwenye mwelekeo ule ule inaposukuma. Waya wake ushikiliwe na tepu usipepee, kwa sababu waya unaocheza huingiza ishara ya uongo.

Soma sampuli 1000 kwa sekunde, na kabla ya kibadilishi, kile kinachogeuza ishara ya umeme kuwa namba, weka kichujio kinachokata masafa ya juu ya 200 Hz hivi. Bila kichujio hicho, mlio wa beringi wa 980 Hz utaonekana kwenye data yako kama mtetemo wa 20 Hz, nawe utahangaika kuutuliza mtetemo ambao haupo.

Hatua ya 6: Pima njia ya masahihisho

Hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Kati ya namba inayotoka kwenye programu na namba inayorudi kutoka kwenye kihisi kuna amplifaya, koili, chuma, vichujio na ucheleweshaji wa kompyuta. Vyote kwa pamoja vinabadilisha ukubwa wa ishara (tuuite G) na fezi yake (tuiite φ). Kidhibiti lazima kivijue vyote viwili kwa kila masafa.

Feni ikiwa imesimama, tuma kosini yenye ukubwa mdogo kwenda kwenye aktueta, ukianzia 12 Hz hadi 35 Hz. Panda kwa 1 Hz kila hatua, lakini kati ya 20 na 24 panda kwa robo Hz, maana karibu na rezonansi fezi inageuka haraka. Kila unapobadilisha masafa subiri sekunde mbili fremu itulie. Kisha zidisha ishara ya kihisi kwa kosini na kwa sini ya pembe ile ile, uchukue wastani wa mizunguko kamili, na uzidishe kila wastani kwa 2. Ya kosini iite C, ya sini iite D, na ukubwa wa kosini uliyotuma uite U. Basi:

G = kipeuo cha pili cha (C² + D²), gawanya kwa U
φ = pembe ambayo kosini yake inafuata C na sini yake inafuata −D

Hiyo alama ya kutoa mbele ya D ndiyo inayosahaulika kuliko kitu kingine chochote, na ubaya wake ni kwamba haijitokezi mara moja. Kidhibiti cha namna hii kinatulia mradi kosa la fezi liko chini ya nyuzi 90, ila kinatulia polepole kadiri kosa linavyokua. Sasa, ukikosea alama mahali ambapo φ ni −30, kosa ni nyuzi 60: mtetemo unapungua kwa nusu ya kasi na unadhani umefaulu. Ongeza kasi ya feni hadi φ ifike −60; kosa linakuwa 120, na mashine inaanza kuruka.

Ucheleweshaji nao usiudharau. Milisekunde 5 ni kitu kidogo kwa kompyuta, lakini kwa 25 Hz ni nyuzi 45 nzima. Kwa kuwa unapima njia yote kwa programu ile ile itakayotumika kazini, ucheleweshaji huo unaingia kwenye jedwali wenyewe. Ukibadilisha programu baadaye, au ukaongeza kichujio, pima upya.

Ukimaliza, endesha feni saa nzima, izime, na upime tena ikiwa na joto. Fremu iliyokalia mipira inabadilika: mpira ukipata joto unalainika na masafa ya asili yanashuka. Chukulia fremu inayonyonya mtetemo kidogo tu, yenye uwiano wa unyonyaji wa 0.02, na masafa yake yashuke kwa asilimia 5 tu, kutoka 22 hadi 20.9 Hz. Ukiwa kwenye 22 Hz, fezi inasogea karibu nyuzi 70. Jedwali la asubuhi limekuachia nyuzi 20 tu za usalama mchana, na hapo ndipo mahali unapokihitaji kidhibiti kuliko pote. Weka majedwali mawili, la baridi na la joto, na kihisi cha joto kwenye mpira kichague kati yake.

Hatua ya 7: Andika programu

Kila sampuli, chukua pembe ya shafti θ, na usome φ na G kutoka kwenye jedwali kwa kasi ya wakati huo. Namba a na b zianze na sifuri. e ni ishara ya kihisi cha mabaki.

toa = a·cos θ + b·sin θ
a = (1 − ε)·a − μ·e·G·cos(θ + φ)
b = (1 − ε)·b − μ·e·G·sin(θ + φ)

Msingi wake ni kanuni ya wahandisi Widrow na Hoff ya mwaka 1960, ile ya kusogeza vizidishi kidogo kidogo kuelekea upande unaopunguza makosa. Kilichoongezwa ni kuipitisha rejea, yaani kosini na sini ya θ, kwenye G na φ kabla ya kuizidisha kwa e.

μ ni ukubwa wa hatua ya kujifunza. Iweke 0.001 gawanya kwa G², na kwa sampuli 1000 kwa sekunde mtetemo utapungua kwa muda bainishi (muda wa kushuka hadi kama theluthi moja) wa sekunde 2 hivi. Usiifanye namba moja isiyobadilika: kwenye rezonansi G inakua mara nyingi, na μ iliyofaa kwenye 15 Hz italeta fujo kwenye 22.

ε ni uvujaji. Unazifanya a na b zisahau polepole, zisije zikajijaza bila mwisho kihisi kikikatika au aktueta ikifika ukomo. Kwa μ hiyo, ε ya 0.00005 inaacha takriban asilimia 9 ya mtetemo wa awali. Wako wanaoona hiyo ni hasara. Mimi naona ni bei ndogo kwa mashine isiyokurukia usiku.

Ongeza kinga tatu: mpaka wa juu wa a na b, amri ya kurudisha vyote sifuri mtetemo ukipanda mfululizo kwa sekunde tatu huku kidhibiti kikifanya kazi, na swichi ya mkono inayokata umeme wa amplifaya bila kuuliza programu.

Hatua ya 8: Washa

Anza na μ iliyo sehemu moja ya kumi ya ile tuliyoihesabu, feni ikiwa kwenye kasi tulivu, mbali na 1320. Tazama a na b. Zinatakiwa ziende mahali na kutulia. Zikizunguka kama mviringo unaopanuka, fezi imekosewa; zima, rudi hatua ya 6. Zikipanda moja kwa moja hadi kwenye mpaka, aktueta ni ndogo au kihisi hakisomi.

Mambo yakiwa mazuri, pandisha μ, kisha sogeza kasi taratibu kuelekea kwenye rezonansi. Punguza mwendo wa inveta wa kupandisha kasi: kidhibiti kinachohitaji sekunde 2 kujifunza hakiwezi kuifuata feni inayoruka kutoka 15 hadi 30 Hz kwa sekunde 3.

Fezi ikihama ukiwa kazini, kuna njia ya kuipima bila kusimamisha feni. Gandisha a na b, pima C na D za mtetemo uliobaki, ongeza a kwa kiasi kidogo unachokijua, subiri sekunde mbili, pima tena. Tofauti ya C na tofauti ya D, zikigawanywa kwa kiasi ulichoongeza, zinakupa G na φ mpya kwa masafa hayo kwa hesabu ile ile ya hatua ya 6.

Hatua ya 9: Kagua mahali ambapo hukuweka kihisi

Kidhibiti kinatuliza mahali kinapopaona. Kihisi kinaweza kusoma karibu sifuri huku kona nyingine ya fremu ikitikisika kuliko zamani, hasa kama aktueta iko mbali na feni, kwa sababu fremu inaanza kuyumba upande badala ya kupanda na kushuka. Chukua kihisi cha mkononi upime kona zote nne na beringi zote mbili, kidhibiti kikiwa kimezimwa na kikiwa kimewashwa, kwa kasi tatu: chini ya rezonansi, kwenye rezonansi yenyewe, na baada yake.

Kona moja ikizidi, sogeza aktueta karibu na beringi inayopokea mzigo mkubwa kabla ya kufikiria kununua ya pili. Ukilazimika kuongeza, jua kwamba aktueta mbili na vihisi viwili vina njia nne za kupimwa, kila moja na jedwali lake la baridi na la joto, na kila aktueta inajirekebisha kwa kujumlisha makosa ya vihisi vyote viwili.